Mtoto wa Mhunzi na Maziwa ya Jirani

Nilifika Garissa nikiwa mke wa dresa, msaidizi wa daktari. Mume wangu alihamishwa kutoka pwani kuja kufanya kazi katika hospitali ndogo ya serikali, nami nikamfuata na mtoto mmoja, kitanda cha kamba, na mtungi wa samli uliovunjika kabla hatujafika kivukoni. Ilikuwa miaka ya mwisho kabla ya vita na Waitalia. Mji ulikuwa haujawa mji. Kulikuwa na boma na bendera yake, nyumba ya Disii, yaani mkuu wa wilaya, kambi ya askari, safu ya maduka ya Waarabu na Wasomali, na hospitali yetu yenye chumba cha wanaume na chumba cha wanawake. Baada ya hapo ilikuwa bula, nyumba za fito na mikeka ambazo wenyewe wakitaka huzifunga juu ya ngamia na kuondoka nazo. Kisha mikoma, kisha mto wenyewe, wenye rangi ya chai ya maziwa.

Tulikaa nyuma ya hospitali. Mbele ya nyumba palikuwa na kibaraza cha udongo, na alasiri, wagonjwa wakishamalizika, mume wangu aliketi hapo na karani wa ofisi ya Disii. Karani alikuwa kijana wa pwani kama sisi. Alikuwa amesoma shule ya misheni, na tangu hapo akawa anasoma kila kilichoandikwa, hata karatasi za kufungia sukari. Bwana mmoja wa serikali alipohamishwa alimwachia kitabu kinene kisicho na jalada, chenye habari za wasomi wa Ulaya na mawazo yao. Karani alikibeba ndani ya kitambaa na kutusimulia kila alichokielewa.

"Zamani wasomi wao walitazama juu tu," alituambia siku moja. "Walijadili malaika, walijadili mbingu. Kisha huko Italia wakatokea watu wakafukua vitabu vya kale vya Wayunani na Warumi, wakasema tumtazame na mtu. Lugha yake, historia yake, tabia yake, na jinsi anavyoweza kufundishwa akawa bora. Wakasema mtu ana heshima kwa kuwa ni mtu, si kwa sababu ya babake."

"Mbona hilo tunalijua?" alisema mume wangu. "Sisi tunaita utu."

"Tunalijua majumbani. Wenzetu wamelifanya elimu. Limebadilisha shule zao na sheria zao, hata picha wanazochora. Siku hizi wanamchora mtu na makunyanzi yake."

"Na Mungu wamemweka wapi?"

"Wale wa mwanzo walikuwa watu wa dini. Ni baadhi ya wale wa baadaye waliosema mtu anaweza kuwa mwema bila kuamriwa kutoka juu."

"Basi hao wa baadaye waache humohumo kitabuni," mume wangu akasema. "Wale wa mwanzo wakaribishe chai."

Tulikuwa na msikilizaji mwingine. Jirani yetu alikuwa mwanamke wa Kisomali aliyezeeka vizuri, mama wa mfanyabiashara wa mifugo. Alikuja kila siku kutiwa dawa ya macho, na akishatiwa hakuondoka. Alikaa chini karibu na mlango wangu, akifuta machozi ya dawa kwa ncha ya mtandio wake. Kiswahili alikijua cha sokoni, na herufi ya P ilimshinda, ingawa hapa nitaiandika mahali pake, lakini hakuna mzaha uliompita. "Karani," alizoea kusema, "kitabu kinasema nini leo juu ya bani adamu? Kinasema apange mstari hospitalini?" Karani alicheka. Nadhani alimpenda, na yule mama alimpenda karani.

Ukingoni mwa bula, mahali ambapo miti ilikuwa imekwisha kukatwa, alikaa mhunzi na mkewe. Yeye ndiye aliyetengeneza visu, mashoka, vyembe vya mishale na nyembe za mji mzima. Alisema lugha ileile ya jirani zetu na kuswali kibla kilekile. Lakini kabila lake, wahunzi na watengeneza ngozi, lilikuwa na jina la dharau ambalo sitaliandika. Wenye ngamia hawakuwaoza binti zao wala kuoa kwao. Hawakunywa katika chombo chao. Niliona kwa macho yangu jinsi kisu kilivyotoka kwake kwenda kwa mnunuzi: mhunzi alikiweka chini mchangani, akarudi nyuma hatua chache, na mnunuzi akainama kukiokota. Hakuna aliyemtukana. Jambo lilifanyika kwa adabu kabisa, na ndiyo maana nilichukua muda kulielewa.

Jambo hilo lilimchoma karani. Alisema hapo ndipo mji ule ungejifunza utu. Mimi nilikumbuka kwetu. Katika mtaa niliozaliwa walikuwako watu ambao babu zao waliwahi kununuliwa, na kwenye harusi sinia yao ililetwa mwisho na kuwekwa uani. Nayo pia ililetwa kwa adabu.

Mke wa mhunzi alijifungua mtoto wa kiume kiangazi kimoja, mto ukiwa umepungua. Walimleta hospitalini akiwa amekwisha kutokwa na damu nyingi, na mume wangu hakuweza kumwokoa. Mtoto alikuwa mzima. Mhunzi alimzika mkewe alasiri ileile, na wanaume wa bula walikuja kuzika pamoja naye. Sitaki msomaji afikiri hawakuja. Walichimba, waliswali, walimwambia maneno yanayosemwa, kisha wakaenda zao, na mtoto akabaki kwetu hospitalini kwa sababu hapakuwa na mahali pengine.

Tulijaribu maziwa ya ng'ombe yaliyozimuliwa kwa maji ya kuchemsha. Tukajaribu ya mbuzi. Nilimnywesha kwa kitambaa kilichosokotwa, tone kwa tone, naye akatapika, kisha tumbo likamharibika. Mimi mwenyewe sikuwa na maziwa, mwanangu alikuwa amekwisha kuachishwa zamani. Uso wa mtoto ulianza kuwa wa mzee. Mhunzi alikaa nje ya ua wa hospitali, hakuingia hata alipoitwa. Nilimpelekea chai, na nikaona anatafuta mahali pa kuweka kikombe changu asikichafue.

"Mama," aliniambia, "jembe nimeliacha palepale kaburini kwa mamake. Niambieni kama nikalichukue."

Mke wa mwana wa jirani yetu alikuwa na mtoto wa kike wa wiki chache. Alikuwa msichana mpole, aliyeletwa pale kwa ndoa kutoka upande wa Wajir, na alikuwa na maziwa mengi hadi akalalamika kwamba yanamloanisha. Mumewe alikuwa safarini, amepeleka mifugo upande wa Modogashe. Kwa hiyo mwenye neno nyumbani alikuwa mama mkwe, yule mwenzetu wa kibarazani. Alipokuja kutiwa dawa nilimwambia shida yangu.

"Mtoto wa nani?" aliuliza, ingawa alijua.

"Wa mhunzi."

Alifuta macho kwa mtandio. "Hapana," akasema.

Karani alikuwapo. Aliweka kitabu chini. "Mama, yule ni mtu. Mtazame. Ana nini kilichopungua?"

"Nani amekwambia si mtu? Macho yangu mabovu, lakini hayajafika huko. Mimi nauliza ni mtu wa nani."

"Hilo ndilo linalotuharibia, kuuliza mtu ni wa nani."

"Linatuharibia, na ndilo linalotuponya. Wewe karani ukiuawa leo njiani, nani atakuja kuuliza? Kitabu? Mimi wakiniua, watakuja wanaume mpaka mtashindwa kuwapikia."

Akatueleza, bila hasira, kile alichokiogopa. Mtoto akinyonya kwa mwanamke, anakuwa ndugu wa kunyonya wa watoto wa mwanamke yule. Hiyo ni sheria ya dini, haina mjadala. "Kesho atakuja mlangoni kwangu aseme, dada yangu yuko wapi? Na atakuwa na haki. Watu watasema nyumba ile imezaa mhunzi. Nani ataoa kwetu?"

Karani akaanza tena na wasomi wake. Alisema kweli tupu, na kwa maneno mazuri, lakini nilimwona yule mama anavyojikunja ndani ya mtandio kama mtu anayepigwa na upepo wa mchanga. Akainuka akaenda zake. Mkwewe alikuwa amesimama kwenye uchochoro, mtoto wake mgongoni, amesikia yote.

Asubuhi iliyofuata mama mkwe alirudi kabla ya wagonjwa. Nyumba zetu zilitenganishwa na ua wa miiba tu, na kilio cha mtoto mwenye njaa hakizuiliwi na miiba. Hakuniamkia.

"Mara nne," alisema.

Sikuelewa. Akanieleza kwamba kwa madhehebu yetu sote, undugu wa kunyonya hauthibiti mpaka mtoto anyonye mara tano za kushiba. Mara nne ni rehema tu, hazifungi kitu. Mtoto atapata nguvu, na baada ya hapo sisi tutafute mwanamke mwingine, naye mara nne, kisha mwingine. "Bula ni kubwa," alisema. Alikuwa amelipanga sawasawa. Nilipomsimulia mume wangu, alisema hajapata kuona mtu anayepatana bei na sheria kwa uaminifu kiasi kile.

Basi mtoto akapelekwa nyumbani kwa jirani. Mama mkwe alikaa mkekani mbele ya mkwewe na kikapu cha kokwa za mikoma, zile watoto wanazoguguna. Kila mtoto alipoachia titi ameshiba, aliweka kokwa moja mbele yake. Alifanya hivyo kama hakimu. Mimi nilizunguka bula. Niliingia kila nyumba yenye mwanamke anayenyonyesha. Mmoja alisema maziwa yake machache. Mwingine alisema mumewe hayupo. Mwingine alinipa kibuyu cha maziwa ya ngamia, akanibusu mkono, akafunga mlango. Hawakuwa wabaya. Kila mmoja alikuwa na binti, au alitarajia kuwa naye.

Nilirudi mikono mitupu. Kokwa zilikuwa nne mkekani.

Mtoto alikuwa amebadilika. Kitovu kilikuwa kimeanza kukauka, ngozi ya uso imejaa kidogo, na sasa alikuwa na sauti. Ndiyo iliyoleta taabu: alilia kama mtoto anayejua anachotaka. Mkwe alikuwa ameketi, binti yake amelala pembeni. Nguo yake kifuani ilikuwa imeloa. Maziwa hayakungoja ruhusa ya mtu.

"Zimetimia," alisema mama mkwe.

Karani na mume wangu walikuwa wamesimama nje ya ua. Nje zaidi, karibu na kichaka, alikuwa mhunzi. Karani alifungua mdomo, mume wangu akamgusa mkono.

Yule mkwe, ambaye kwa siku zote zile sikuwa nimemsikia akisema zaidi ya salamu mbele ya mama mkwe wake, akasema kwa Kisomali, polepole, nami kwa wakati ule nilikuwa nimekwisha kujua cha kutosha:

"Hoyo, mama yangu, unaogopa nini hasa?"

"Unajua."

"Unaogopa huyu akikua atataka kumwoa binti yangu."

"Hilo ndilo la kwanza."

"Basi akinyonya mara ya tano, itakuwa haramu. Haramu ya Mungu, si ya bula. Hata wazee wote wa ukoo wakae, wakubali, walishwe ngamia mzima, haitawezekana. Ni kaka yake. Unataka kufuli gani kubwa kuliko hilo?"

Mama mkwe alimtazama. Nje, karani alimwuliza mume wangu kwa kunong'ona msichana amesema nini, akatafsiriwa, akajishika kichwa.

"Wewe binti," mama mkwe akasema, "umefundishwa na nani mambo haya?"

"Na kifua changu, hoyo. Kinamwagika."

Mama mkwe akakusanya kokwa zake nne akazirudisha kikapuni. Akainuka kwa kushika goti, akasogea mlangoni, akageuza mgongo. "Macho yangu leo mabaya sana," alisema. "Siwezi kuhesabu kitu." Kisha akatoka nje akamfokea karani kwa kusimama kwenye kivuli cha mbuzi wake.

Nyuma yake mtoto alinyamaza. Mume wangu alikwenda mpaka kichakani, akamwambia mhunzi akachukue jembe lake, akalirudishe nyumbani.

Mtoto alinyonya pale mpaka alipoanza kutambaa. Mume wa yule mkwe aliporudi kutoka safari alikasirika, akalala kambini kwa wachungaji wake siku kadhaa. Kisha akaenda kwa sheikhe. Sheikhe akamwambia maziwa ni maziwa, hayana kabila, na lililokwisha kufungwa limefungwa. Akarudi nyumbani. Nilisikia akimwuliza mamake alikuwa wapi yote yakitendeka. Mama akajibu kwamba alikuwa hospitalini kwa ajili ya macho.

Kibarazani kwetu jambo lile lilizungumzwa kwa muda mrefu. Karani hakutulia. Kitabu chake kilikuwa kimemwambia kwamba ukimwonyesha mtu sababu, atafungua mlango. Yeye alikuwa na sababu bora, na mlango haukufunguka. Yule msichana hakugusa hata boriti moja ya desturi yao, alimhamisha mtoto tu kutoka nje akamweka ndani.

"Huo ni utu?" aliuliza. "Alimwokoa kama mtu, au alimwokoa kama ndugu?"

"Alikuwa mtu kwanza," alisema mume wangu, "ndiyo maana alitafutiwa undugu. Hakuna anayemtafutia jiwe undugu."

Karani akaandika kitu pembezoni mwa kitabu chake. Sikuuliza alichoandika.

Vita vilipokuja, ndege za Waitalia zilipita juu yetu siku moja, na sisi wote tukakimbilia mikomani, mama mkwe akiwa amemshika mkono mjukuu wake huku, na kule mtoto wa mhunzi. Tulipolala kifudifudi mchangani alimwita karani.

"Hawa ndio wale Waitalia wa kitabu chako?"

"Ni wajukuu wao, mama."

"Basi wajukuu hawakumaliza kusoma."

Karani alihamishwa baada ya vita. Sisi tulibaki. Mume wangu alizeekea kazini, na kwa hiyo nikaona mwisho wa jambo lile, katika miaka ya hamsini, wakati malori yalikuwa yamezoea barabara.

Sitaandika kwamba mji ulibadilika, kwa sababu haukubadilika sana. Mtoto wa mhunzi akawa mhunzi. Alipotaka kuoa, alioa kwa watu wake, mbali. Visu bado viliwekwa mchangani, ingawa vijana wawili watatu waliosoma shule ya serikali walianza kuvipokea kwa mkono, na mmoja wao aliniambia kwamba ni utu, kwa neno letu la Kiswahili, kama neno jipya la shuleni. Mama mkwe mwenyewe hakuwahi kunywa chai katika kikombe cha mhunzi. Lakini yule kijana alikuwa na ruhusa ambayo wanaume wengine wa mji hawakuwa nayo. Aliingia katika nyumba ile bila kubisha, na dada yake hakukimbilia mtandio.

Dada yake aliolewa na mtu wa Modogashe. Alikuja Garissa kujifungua kwa mamake, na mtoto alipopata nguvu, mumewe akaleta habari kwamba anaumwa, mke arudi. Babake msichana alikuwa amekwisha kufariki. Ndugu zake wa kiume walikuwa wadogo, na ami zake walikuwa mbali na ngamia, mvua imewavuta. Lori lilikuwa linaondoka asubuhi ile, na mwanamke kama yule hasafiri na wanaume wageni bila mwanamume wa kwao, aliye haramu kumwoa. Tulisimama pale barabarani na mizigo na mtoto mchanga. Dereva, mtu mgeni, alikuwa na haraka.

Mama mkwe, sasa bibi, hakuona karibu chochote. "Kaka yake yuko wapi?" aliuliza.

Hapakuwa na haja ya kuuliza yupi. Alikuja mbio kutoka kwenye fuawe lake, mikono myeusi kwa makaa. Msichana akampa mtoto, akapanda, akanyoosha mikono kumpokea. Dereva alimtazama kijana, akatazama mikono yake, akajua kazi yake.

"Na huyu ni nani?" alimwuliza bibi. "Mimi sichukui watu ovyo. Ni mtu wa nani?"

Bibi aligeuza uso kuelekea sauti ilipotoka. "Ni kaka yake," alisema. "Panda ulishike gari lako, au nawe nikuulize wewe ni wa nani."

Kijana akapanda. Lori likaondoka na vumbi lake. Bibi akaniomba mkono, tukarudi polepole upande wa hospitali, na njia nzima alinung'unika kwamba kisu ambacho yule kijana alimtengenezea mwezi uliopita kimepoteza makali, na kwamba sasa atangoja mpaka kijana arudi.